Majani Yaliyojikunja

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili nimefanya jambo ninalolionea aibu: nilifungua daftari langu la maombi nikalifuta jina la kijana ambaye nimemwombea kwa miaka 6, kwa kuwa nilichoka kulisoma kila alfajiri bila kuona badiliko.

Siku mbili baadaye nikawa nasoma habari za bustani iliyoko Federal Way, katika jimbo la Washington nchini Marekani, inayohifadhi rododendroni, vichaka vya maua ambavyo baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka huko milimani vinakoota vyenyewe. Taasisi inayoitunza ilianzishwa mwaka 1964. Mbegu za mmea huu ni laini kama vumbi, na ziko aina ambazo mpandaji husubiri zaidi ya miaka 10 kabla ya kuona ua la kwanza.

Kilichonichoma hasa ni habari za majira ya baridi. Baridi inapozidi, majani ya aina nyingi huinama na kujikunja kama mkeka, hata asiyejua akadhani kichaka kimekufa. Kumbe ndivyo kinavyojikinga, na kwenye ncha ya tawi, juu ya majani hayo yaliyonyong'onyea, tumba la ua limekwisha kufanyika tangu kiangazi kilichopita.

Wapendwa, tuseme kweli: tumekuwa watu wa msimu wa maua. Anayeshuhudia kwa sauti tunamkalisha mbele, lakini aliyejikunja, anayekaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka, tunanong'onezana kama bado ameokoka. Nani alitukabidhi shoka? Yule mtunza shamba wa Luka 13, alipoambiwa na mwenye shamba aukate mtini, hakukana kwamba haukuwa na tunda; aliomba mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo kupalilia na kutia samadi ilikuwa kazi yake mwenyewe. Hapo ndipo niliposhikwa, maana mimi niliomba miaka 6 huku nimekaa, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilibisha hodi kwa kijana yule.

Bustani za namna ile hukipa kila kichaka kibao chenye jina lake, na hakuna anayeking'oa eti kwa sababu ni baridi. Jana jioni nimeliandika upya jina nililolifuta, kisha nikampigia simu. Haikupokelewa. Kesho baada ya ibada nitakwenda kwake.