Jumapili ya Papa Wemba

Habari ilinifikia kwa simu nikiwa Mwanga, Kigoma, Jumapili ya tarehe 24 Aprili 2016. Papa Wemba, mwimbaji mkubwa wa Kongo, ameanguka jukwaani Abidjan, amefariki. Video ilishaanza kusambaa: wacheza shoo wako mbele, yeye yuko nyuma yao, na anapodondoka wao hawana habari, wanaendelea kucheza. Niliitazama mara moja tu.

Nikaenda kwa mjomba. Ndiye aliyenipandikizia muziki wa Kikongo, maana enzi zake alivuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kibiashara, na hakurudi bila kanda. Nilimkuta barazani, redio imezimwa. Jumapili nyumbani kwake bila muziki sikuwahi kuiona.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo video usinionyeshe."

Akaingia ndani, akatoka na boksi la kanda. Alianza na Awa Y'okeyi, ulio kwenye albamu ya Emotion ya mwaka 1995, ile aliyoitoa Uingereza kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel. Kwangu mimi, katika yote aliyoimba, huo ndio namba moja. Hauna sebene, kile kipande cha kuchezesha, wala magitaa ya kukimbizana. Ni piano, na ile sauti yake nyembamba inayopanda, inapanda tena, mpaka mwili unakusisimka. Lingala yangu ni ya kuokoteza kwenye nyimbo, lakini siku ile kila neno lilinifika.

Katikati ya wimbo akaingia fundi cherehani wa jirani, mzaliwa wa Kinshasa. Jua lilikuwa kali, naye kavaa suti kamili, tai, viatu vinang'aa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wemba ndiye aliyewaonyesha vijana wa Matonge, mtaa wa Kinshasa, kwamba mtu asiye na kitu naye anaweza kutembea amependeza, kichwa juu, na fundi alikuwa mmoja wao. Akasubiri wimbo uishe, kwa adabu zote, kisha akasema, "Mzee, huu aliwaimbia Wazungu. Tuwekee bendi yake, Viva La Musica."

Mjomba akacharuka. Ubishi ukaanza, na majirani wakavuta viti. Fundi akashikilia kwamba Wemba halisi ni yule wa Zaïko Langa Langa, bendi iliyozaliwa Desemba 1969, vijana walipoachana na matarumbeta na saksofoni za wakubwa wao, wakayaachia magitaa na ngoma kazi yote. Halafu Viva La Musica mwaka 1977. Akatupigia Mère Supérieure kwenye simu yake, na nakiri miguu ilinitingishika. Mjomba akajibu kwamba sauti ni ya mwenyewe, hata ukiibadilishia vyombo. Nilikuwa upande wa mjomba, na nipo hapo mpaka leo. Nyimbo za kuchezesha tumejaliwa tele. Mwimbaji wa kusimama na piano peke yake akakutoa machozi ni adimu.

Usiku nikaleta kompyuta, tukatazama La Vie est belle, filamu ya mwaka 1987 ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy. Wemba ni Kourou, kijana wa kijijini anayefika Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki, akaishia kufanya kazi za ndani kwa tajiri mwenye klabu. Anampenda Kabibi, na tajiri naye anamtaka Kabibi huyo huyo awe mke wa pili. Fundi alitutafsiria Kifaransa, na kila mtaa ulipoonekana alituambia unaelekea wapi. Pépé Kallé alipotokea watu wakashangilia. Tulicheka sana, msibani, na sikuona ubaya wowote. Kourou alipopanda jukwaani mwishoni, fundi alisimama.

Tangu usiku ule, kila filamu ya muziki naipima kwa hiyo. Nyingi zinauweka wimbo pale hadithi inapohitaji kupumzika. Kwenye La Vie est belle wimbo ndio riziki yenyewe. Kourou asipoimba, hana maisha.

Mwaka 2017 ikaja Félicité ya Alain Gomis, na hiyo ndiyo pekee iliyofika pale. Félicité anaimba baa, Kinshasa hiyo hiyo. Mwanawe anapata ajali ya pikipiki, na mama anazunguka jiji zima kutafuta pesa za upasuaji. Véronique Beya Mputu anamwigiza Félicité uso umekaza, haombi huruma, halafu anasimama mbele ya bendi ya Kasai Allstars na kila alichokibana kinatoka kwa sauti. Tamasha la filamu la Berlin waliipa tuzo kuu ya majaji, FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, wakaipa tuzo yao kuu ya farasi wa dhahabu, na ilistahili vyote. Mimi nimeiweka sawa kwa sawa na La Vie est belle. Fundi hataki kusikia: anasema filamu ya Kinshasa asiyokuwamo Wemba haiwezi kupita ya pili.