Jumapili ya Kadi Nyekundu

Mama alishuka kwenye basi la kutoka Wundanyi, Taita, pale Mwembe Tayari, Mombasa, akiwa na gunia la kabichi, ndoo ya chakula chetu cha kimanga iliyofungwa kwa leso, na magoti mawili mabovu ambayo ndiyo yaliyomleta. Ilikuwa wiki ya tatu ya Julai 2010. Mke wangu, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa amemtafutia nafasi kwa daktari wa mifupa. Kabichi zilikuwa za kuuza soko la Kongowea. Mama hajawahi kupanda gari bila biashara.

Alitukuta katika joto la kura ya maamuzi. Tarehe 4 Agosti Kenya ilikuwa inakwenda kuikubali au kuikataa Katiba Inayopendekezwa: kijani Ndiyo, nyekundu Hapana. Kwetu Kisauni hata wauza maji walikuwa na rangi, kitambaa kimefungwa kwenye mkono wa mkokoteni. Makanisa mengi yalikuwa nyekundu, na sababu zilikuwa mbili. Kifungu cha 26, kwamba kilikuwa kinafungua mlango wa kutoa mimba. Na kifungu cha 170, mahakama za Kadhi. Tarehe 13 Juni kulikuwa kumetokea milipuko Uhuru Park, Nairobi, kwenye mkutano wa maombi wa upande wa Hapana, na watu wakafa. Baada ya hapo, kusema Ndiyo kanisani ilikuwa kama kucheka matangani.

Mimi nilikuwa Ndiyo. Nilikuwa pia mweka hazina wa kanisa letu, na hayo mawili nilikuwa nimeyaweka mifuko tofauti.

Sikuwa Ndiyo kwa sababu ya mwanasiasa yeyote. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu, nakala zilizogawiwa bure, kwenye matatu asubuhi na jioni mpaka jalada likatoka. Mke wangu alikisoma kurasa chache tu, zile zilizokuwa zinapigiwa kelele. Usiku mmoja alikiweka mezani kati ya mchuzi na ugali akanisomea kifungu cha 26 chote, pamoja na pale kinaposema uhai huanza mimba inapotungwa, mpaka pale kinaposema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa kwa dharura, au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini. "Kuna wanawake wanaletwa kwangu saa nane za usiku kwa tuktuk, kanga imelowa," akasema. "Mchungaji anataka niwaambie nini? Wasubiri?" Halafu akaenda kulala, alikuwa na zamu ya alfajiri.

La Kadhi lilimalizwa na Mama mwenyewe, na kwa mchicha. Jumamosi jioni alikaa barazani na jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa Kiislamu mjane, wakichambua mboga kwenye ungo mmoja. Nilikuwa ndani natengeneza hesabu za sadaka, dirisha liko wazi.

"Hiyo mahakama ya Kadhi wanayoigombania," Mama akamuuliza, "wewe imekufanyia nini?"

"Imenipa hii nyumba, dada. Shemeji zangu walitaka kunitoa hata arubaini haijaisha."

"Aa."

Wakaendelea na mchicha. Mimi nilikuwa nimeshawaeleza watu mara kumi kwamba mahakama hizo zimo katika katiba ya uhuru ya 1963, kwamba zilitokana na makubaliano na Sultani wa Zanzibar kuhusu Mwambao, kwamba anayekwenda huko ni Mwislamu tu tena kwa hiari yake. Hakuna aliyewahi kunijibu "Aa" kwa namna ile.

Jumapili hiyo, tarehe 25, mke wangu alikuwa kazini. Nilikwenda ibadani na Mama, polepole, tukipita Kengeleni. Kila akipita pale husimama kidogo kuitazama ile kengele ya Frere Town, iliyokuwa ikiwaonya watumwa walioachwa huru pindi hatari inapokuja. Kwake kanisa la Pwani linaanzia hapo, kwa watu waliokuwa wamekimbia kuhesabiwa kama mbuzi. Mimi huwa naanzia kwenye kodi ya ukumbi.

Mlangoni vijana walikuwa wanagawa kadi nyekundu, ukubwa wa ile ya refa. Mama alipewa moja. Aliitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaitia kwenye mkoba wake mweusi wa kanisani na kufunga zipu.

Niseme haki: mchungaji wetu hakuwa mtu mbaya. Baba yangu alipolazwa mara ya mwisho, huyu ndiye aliyelala kwenye benchi la wodi siku tatu, na sikumwomba. Labda ndiyo maana ilikuwa vigumu. Alihubiri kutoka Yoshua 24, siku Waisraeli walipotakiwa kuchagua nani watamtumikia, na alihubiri vizuri. Halafu, badala ya kuomba, akafunga Biblia na kusema kwamba wale watakaosimama na Mungu tarehe 4 wasimame sasa, wainue kadi zao, tuonane.

Kanisa zima likasimama. Viti vya plastiki vinapiga kelele mbaya vikisukumwa kwa pamoja. Niliziona kadi zikipanda, nikaona kiti cha mbele yangu tupu na cha upande wangu tupu, nikaona mchungaji anapitisha macho safu kwa safu kama mtu anayehesabu.

Nikasimama. Kadi nikainua.

Mama alibaki amekaa, mkoba mapajani.

Hapo lazima nirudi nyuma, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuuona mkao ule.

Tarehe 22 Februari 1988 nilikuwa darasa la sita, katika kijiji kimoja juu ya Wundanyi. Uwanja wa shule yetu uligeuzwa kituo cha kura ya mlolongo. Waliokuja kupiga kura hawakuona karatasi wala sanduku. Wakala alisimama ameinua picha ya mgombea wake, na wewe mwenye kadi ya Kanu, chama pekee cha siasa wakati ule, ukajipanga nyuma ya picha unayoitaka, mchana kweupe, mbele ya chifu, mbele ya mwenye duka unayemdai na anayekudai. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya milolongo alikwenda bungeni moja kwa moja, hata kura ya siri ya Machi isipigwe kwake. Sisi watoto tulikaa kwenye ukingo wa juu tukitazama kama mpira. Mstari wa Mama ulitoka mlango wa ofisi ukazunguka tangi la maji ukashuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Ule mwingine haukufika tangi. Msimamizi akapita, akahesabu kwa fimbo, akatangaza. Mfupi umeshinda.

Watu waliguna. Mwanamume mmoja alitaka wahesabiwe tena, lakini nusu ya mstari ilikuwa imeshaanza kupanda mlima kwenda nyumbani. Huo ndio ulikuwa ujanja wake: karatasi unaweza kuzirudisha mezani, lakini mlolongo ukishatawanyika, ushahidi wote umekwenda kuinjika ugali. Mwaka huo fomu ya dada yangu ya kuombewa karo ilikwama kwenye ofisi ndogo iliyokuwa inamjua kila mtu alisimama wapi. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Hakukuwa na haja.

Kasisi wetu hakupanga foleni. Viongozi wa dini walikuwa wamesamehewa, baada ya wachungaji wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa, kukutana mwaka 1986 na kusema wazi kwamba mfumo ule utawagawa waumini wao. Mama, aliyekuwa kiongozi wa Umoja wa Akina Mama pale parokiani, aliliwaza hilo kwa miaka. "Kasisi akijipanga anagawa kanisa," alikuwa akisema. "Na mimi nikijipanga, nagawa nini? Sufuria?"

Ila maaskofu hawakutaka kujiokoa wenyewe tu. Okullu wa Maseno Kusini, Muge wa Eldoret, Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, na yule Mpresbiteri Njoya: kwetu majina hayo yalitajwa kwa sauti ya chini, kama ya wachezaji wa timu iliyofungiwa. Mjomba wangu mwalimu alileta nakala ya Beyond, jarida la NCCK, lililoandika jinsi mlolongo ulivyoibwa. Machi ile ile serikali ikalipiga marufuku, na baadaye mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Kuwa na nakala likawa kosa. Mama Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma chupa za dawa, lakini alilichukua, akalifunga kwenye karatasi ya nailoni na kulizika ndani ya debe la unga wa mahindi. Tulikula ugali wa debe hilo wiki kadhaa, na kila jioni nilimwona akichota kwa kikombe pembeni pembeni, kwa uangalifu, kama mtu anayechimba kiazi asikikate.

Aprili 1989 genge la watu likavamia nyumba ya Gitari usiku, akajiokoa kwa kupanda juu ya paa. Agosti 1990 Muge akafa barabarani, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani asikanyage Busia. Mama alilia kwa Muge kuliko alivyomlilia kaka yake, na hakuwahi kumwona. Desemba mwaka huo wajumbe wa Kanu wakakutana Kasarani, Nairobi, wakaufuta mlolongo. Siku tulipoisikia redioni aliinua uso kutoka kwenye maharage akasema tu, "Sasa nitaingia mahali peke yangu."

Basi nilikuwa nimesimama na kadi nyekundu hewani, jasho linashuka kwapani, na nilikuwa naiona migomba ya jirani yetu waziwazi. Baraza lile lile la NCCK lililosema mwaka 1986 kwamba Mkristo asipangwe hadharani sasa lilikuwa upande wa Hapana. Hiyo ilikuwa haki yao, na walikuwa na hoja zao. Lakini nani aliwaambia vijana wachapishe kadi?

Mchungaji alimwona Mama. Akatabasamu, kwa upendo kabisa. "Wazee wetu wenye miguu mibaya wakae tu," akasema kwenye maikrofoni. "Mungu anaona moyo."

Watu wakaitikia Amina. Ilikuwa mlango wa kutokea, umefunguliwa kwa heshima, na mtu yeyote mwenye busara angepita. Mama akamgeukia kijana wa kugawa viti aliyekuwa karibu yake na kusema, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde:

"Si magoti, mwanangu. Mimi kura yangu naipigia Wundanyi."

Hakuna aliyeitikia Amina. Mpiga kinanda akaanza wimbo, Mungu ambariki, na tukaketi.

Baada ya ibada mchungaji alitushika mikono mlangoni, mimi akanipiga bega. "Nilikuona, mweka hazina." Nikasema asante, mchungaji. Nilisema asante! Mama alimuuliza habari za mtoto wake aliyekuwa na pumu, wakaongea dakika nzima kuhusu majani ya mkaratusi.

Njiani hakusema lolote mpaka Kengeleni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nilikuwa na yangu pia: nafasi yangu kanisani, benchi la wodini, amani. Akanishika mkono kuvuka barabara.

"Ulisimama," akasema.

"Nilisimama, Mama."

"Na sivyo unavyotaka."

Sikujibu. Akaniangalia kidogo, akapandisha mkoba begani. "Ndiyo maana walitutafutia kisanduku," akasema. "Si kila mtu ana magoti." Akacheka peke yake, akaulizia bei ya maembe.

Jumatatu alionana na daktari, Jumatano akapanda basi kurudi Taita, na kadi nyekundu nadhani bado ilikuwa kwenye mkoba.

Tarehe 4 Agosti nilipiga kura katika shule ya msingi karibu na kwetu. Nyuma ya kile kibanda cha boksi, pamefinywa kiasi kwamba viwiko vinagusa pande zote, palikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi na harufu ya gundi. Nje, hatua sita kutoka mgongoni mwangu, alikuwepo mzee wa kanisa letu kwenye foleni. Nilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikatia alama kwenye Ndiyo, nikakunja, nikatumbukiza, nikachovya kidole. Tulipokutana mlangoni na yule mzee tukaonyeshana vidole vyeusi, vinavyofanana.

Ndiyo ilishinda kwa asilimia 67 hivi, na tarehe 27 Agosti katiba ikatangazwa rasmi Uhuru Park. Kanisani hakukutajwa kitu. Niliendelea kuweka hazina miaka minne zaidi, na kadi zilizobaki nilizikuta kwenye kabati la vitabu vya nyimbo, zimefungwa kwa mpira, watoto wa shule ya Jumapili wanazichorea samaki.

Mpaka leo sijui Mama alipiga nini. Wakati huo nilidhani najua, ndiyo sababu jioni ile ya kura nilimpigia simu haraka haraka, nikitaka, nadhani, kusamehewa.

"Umepiga?" nikamuuliza.

"Nimepiga. Walinipitisha mbele kwa ajili ya magoti. Na wewe?"

"Nimepiga, Mama. Nimewapa—"

"Sijakuuliza hilo," akasema. "Yule mama wa Kongowea alikulipa zile kabichi?"

Nikamwambia bado mia mbili.

"Basi kesho mpitie," akasema, na salio langu likakatika.