Injini imezimwa, presha inatoka wapi?

Taa ya njano iliwaka nikitoka Likasi kurudi Lubumbashi, motokari ikaisha nguvu hadi malori ya madini yakawa yananipita. Fundi wa kwanza, garaji moja ya Kenya, yaani Kenya mtaa wetu, si ile nchi, hakufungua hata boneti. "Papa, chujio la masizi limeziba. Tulikate, tuweke bomba tupu." Nilikaribia kukubali, ila mpwa wangu alikuwa ameniachia skana ndogo ya Bluetooth, ya kusoma namba za sensa za motokari.

Chujio hilo, linalonasa masizi kwenye bomba la moshi, lina sensa inayopima tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma yake, kupitia mipira miwili myembamba. Masizi yakijaa, moshi unasongamana mbele na tofauti inapanda. Sasa injini ikiwa imezimwa, moshi hakuna.

Asubuhi niliwasha swichi bila kupiga stata. Skana ikaandika 4.1. Nikadhani ni kidogo, kumbe ni kilopaskali, na kilopaskali moja ni milibari 10. Milibari 41, motokari imelala uani usiku kucha! Mpwa wangu akasema labda ni mwinuko wetu, maana tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Nikamwambia mwinuko unagusa pande zote mbili sawasawa.

Nilichomoa mipira kwenye sensa, nikaipuliza kwa mdomo kuelekea kwenye chujio. Hewa ilipita, midomo ikawa myeusi, mama watoto akacheka mpaka akakaa chini. Sensa ikiwa wazi pande zote bado ilisema 4.1. Basi mgonjwa ni yenyewe.

Kabla ya kufunga mpya nilitia alama kwenye mpira wa mbele, maana ukiigeuza namba zinasomeka kinyume. Swichi peke yake: sifuri. Injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta: 0.7. Kwenye mizunguko 2,500 ilipanda hadi 4, nikiachia inashuka papo hapo. Ilibaki kuifundisha kompyuta sifuri mpya. Hiyo nilimlipa fundi wa umeme, skana yangu haiwezi.

Kwa sababu ya hitilafu kompyuta ilikuwa imesimamisha uchomaji wa masizi ndani ya chujio, unaotaka joto la karibu nyuzi 600. Jumapili nikaenda Likasi, kilomita kama 120, kwa mwendo mmoja, ili yaungue. Taa haijarudi.

Fundi wa Kenya bado ananiuliza lini naileta aikate.