Dakika 20 zilizokuwa 32: nilivyosaka maelezo ya asembla ya zamani

Msikiti wa mtaani kwetu, huku Ng'ambo, una tangi la maji juu ya paa la vyoo na pampu chini kwenye kisima. Kinachoiendesha pampu ile ni kibodi kisichozidi kiganja, alichokitengeneza Maalim wangu wa kazi wakati Unguja ilipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Walioishi miezi ile hawajasahau kelele za jenereta wala foleni za madumu. Maalim hakutaka pampu iachwe mpaka tangi lifurike huku petroli inateketea bure, akaweka chipu ya PIC16F84A ihesabu dakika. Zikitimia, rilei, ile swichi inayowasha pampu, inaachia. Boya la tangini lilikuwa limeshaganda kwa chumvi, hakulitaka tena.

Masika hii radi ikapiga karibu na kibodi kikafa. Rilei nzima, rezista nzima, chipu ndiyo imekwenda. Sikuwa na 84A nyingine. Nilikuwa na PIC16F628A mbili kwenye kopo la maziwa ya unga, nazo zina miguu 18 ileile na zinakaa kwenye soketi ileile. Ila huwezi kuchukua HEX ya 84A, yaani faili la namba zilizo tayari kwa chipu, ukaichoma, yaani ukaiandika, ndani ya 628A ukategemea kazi. Kwa 84A nafasi za kuwekea data zinaanzia 0x0C, kwa 628A zinaanzia 0x20, halafu 628A ikiwaka vilinganishi vyake, sehemu za kulinganisha volti, vinakuwa vimeshika miguu ya kundi la PORTA mpaka uvizime mwenyewe kwa kuandika 7 kwenye rejista ya CMCON. Kwa hiyo lazima urudi kwenye programu yenyewe, uirekebishe, uipitishe upya kwenye asembla, programu inayogeuza maandishi kuwa HEX.

Programu ninayo. Maalim alipohamia kwao Wete aliniachia CD iliyoandikwa PAMPU kwa kalamu ya wino mzito. Ndani mna faili mbili tu, ya ASM yenye maandishi ya programu na ya HEX. Nikafurahi, nikamwambia muadhini, "Ami, kesho maji yanapanda."

Hayakupanda kesho.

Kompyuta yangu ina MPLAB X ya karibuni, programu ya Microchip, watengenezaji wa chipu hizi. Nikaipa faili la Maalim, ikalikataa karibu kila mahali. `CBLOCK` haijui. `__CONFIG` haijui. Amri zenyewe za chipu, `movlw`, `movwf`, `decfsz`, inazijua vizuri; kinachoishinda ni haya mengine.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na mimi nilichanganyikiwa. Kwenye faili la asembla mna maneno ya namna mbili. Kuna amri, hizo zinafika mpaka ndani ya chipu na chipu inazitekeleza. Na kuna maagizo, hayo yanaishia kwa asembla: anza anwani hii, neno hili maana yake namba ile, faili hili liingize hapa. Amri ziko kwenye kitabu cha chipu. Maagizo hayako humo hata ukikisoma mara saba, maana si ya chipu, ni ya programu iliyotumika kuiandikia. Nilipoteza jioni nzima nikipekua kitabu cha 84A nikitafuta `CBLOCK`. Ni kama kumuuliza mvuvi bei ya nguo.

Basi nikafanya la haraka. Asembla mpya ina mwongozo wake, nikaufungua, nikatafsiri faili la Maalim agizo kwa agizo. `CBLOCK` nikaigeuza kuwa `PSECT` yenye `DS`, `__CONFIG` nikaifanya `CONFIG`, `ERRORLEVEL -302` nikaifuta kwa sababu sikujua kazi yake. Penye `SEKUNDE EQU D'60'` nikaandika 60 tupu. Penye `DAKIKA EQU 20`, pembeni Maalim ameandika maelezo "dakika 20", nikaacha vilevile. Ikapita bila kosa hata moja. Nikachoma chipu, nikaweka kwenye soketi, pampu ikanguruma. Nikala chai ya shukrani pale barazani.

Ijumaa mchana simu. Maji yamekatika watu wako katikati ya udhu.

"Fundi," ananiambia muadhini, "pampu yako inazima mapema."

"Ami, inazima kwa dakika 20, ndivyo Maalim alivyoiweka."

"Mimi sijui dakika. Zamani nikiwasha nakwenda dukani, nanunua maandazi, narudi, nakunywa chai yangu mpaka inakwisha, ndiyo inazima. Sasa hivi hata kikombe sijakigusa."

Nikaenda nikaipima kwa saa ya simu. Dakika 20 kamili. Nikaishuku pampu, nikaishuku vali ya kuzuia maji yasirudi, nikaifungua ikawa safi kuliko ya nyumbani kwangu. Tangi lilikuwa linaishia zaidi kidogo ya nusu. Sasa ama muadhini amezeeka anakunywa chai polepole, ama kibodi cha zamani kilikuwa hakihesabu dakika 20.

Usiku nikalikodolea macho faili la Maalim. Ile `D'60'` ikaanza kunikera. Mbona sekunde kaziwekea D na alama za kunukuu, na dakika hakuziwekea? Kama 60 ni 60, D ya nini? Mtu haandiki "hii ni namba ya kawaida" isipokuwa mahali ambapo namba isipoelezwa inachukuliwa kuwa si ya kawaida.

Ndipo nikaacha kuuliza "agizo hili maana yake nini" nikauliza "faili hili liliandikiwa asembla gani". Ni swali nililopaswa kuanza nalo. Jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyefanya kazi hizi miaka ile: `LIST P=16F84A` juu kabisa, `CBLOCK`, `__CONFIG` yenye vistari viwili vya chini, hiyo ni MPASM, asembla iliyokuwa inakuja na MPLAB ya zamani. Toleo la 5.35 la MPLAB X ndilo la mwisho kuwa nayo, kuanzia 5.40, mwaka 2020, imeondolewa, ukabaki na asembla mpya inayofanana nayo kwa sura tu.

Kuhusu hivyo vistari viwili: kwenye karatasi vinaungana, vinaonekana kimoja kirefu. Niliwahi kuona kijana akiandika kimoja na kushinda siku nzima akitukana kompyuta.

Kutafuta kitabu chenyewe nako kulikuwa na namna yake. Ukitafuta kwa jina la agizo, `CBLOCK` au `EQU`, unapata maswali ya watu waliokwama kama wewe. Vitabu vya Microchip vina namba, inaanza na DS, halafu tarakimu, halafu herufi ya toleo mwishoni. Kitabu cha watumiaji wa MPASM, pamoja na wenzake MPLINK na MPLIB, ni DS33014. Nikatafuta namba hiyo bila herufi, nikapata PDF. Kifurushi cha simu kilikuwa ukingoni, nikashukuru kwamba kitabu ni kidogo kuliko programu. Siku ya pili, kwa mtandao wa rafiki yangu mwenye ofisi, nikashusha na MPLAB 8 yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu za matoleo ya zamani za Microchip. Ndani yake mna folda la MPASM lenye mafaili ya INC, yenye majina ya sehemu za kila chipu, na hayo nayo ni maelezo ambayo wengi hawajui kuwa ni maelezo. Fungua `P16F628A.INC` kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, shuka mpaka mwisho: majina yote yanayokubalika kwenye `__CONFIG` yamepangwa hapo. Hapo ndipo nilipoiona `_LVP_OFF`, inayozima uchomaji wa volti ndogo, ambayo 84A haina. Usipoiweka, mguu wa RB4 unakuwa si wako, na ukiachwa unaning'inia hewani chipu inaweza kukugomea bila sababu unayoiona.

Nikarudi kwenye PDF, sura ya maagizo, yamepangwa kwa alfabeti. Sikwenda kwenye `EQU`. Nilikwenda kwenye `LIST`, kwa sababu ndilo agizo la kwanza la Maalim na nilitaka kujua linaweza kubeba nini zaidi ya jina la chipu. Pana jedwali: kila chaguo, na safu ya pembeni inayosema usipoliandika litakuwa nini. Nikashuka kwa kidole mpaka `r`, msingi wa namba. Usipotaja: heksi.

Nilikaa kimya. MPASM, usipoiambia kitu, kila namba tupu inaisoma kwa msingi wa 16. `DAKIKA EQU 20` ya Maalim haikuwa ishirini. Ilikuwa heksi 20, yaani 32. Asembla mpya namba tupu inaisoma kwa msingi wa 10, kwa hiyo faili lilelile, herufi zilezile, likatoa dakika 20 za kweli. Maelezo aliyoyaandika Maalim pembeni yalikuwa ya uongo tangu siku ya kwanza, na chai ya muadhini ndiyo iliyokuwa sahihi.

Sikutaka kuamini kitabu peke yake. Nikafungua HEX ya zamani kutoka kwenye CD. Amri ya `movlw` kwenye chipu hizi ni 30 ikifuatiwa na namba yenyewe kwa heksi, na kwenye faili la HEX pande mbili hugeuzwa, ya nyuma ikaja mbele. Kwa hiyo kama ilikuwa 32 nitakuta `2030`. Kama ilikuwa 20, ambayo kwa heksi ni 14, nitakuta `1430`. Nikaitafuta. `2030`. Nikafungua HEX yangu niliyoichoma wiki ile. `1430`.

Mwishowe sikuendelea na tafsiri yangu. Nilirudi kwenye faili la Maalim jinsi lilivyo, nikabadilisha jina la chipu na la INC, mwanzo wa `CBLOCK` kutoka 0x0C kwenda 0x20, mstari wa `__CONFIG`, nikaongeza mistari miwili ya kuzima vilinganishi. `ERRORLEVEL -302` nimeirudisha. Kitabu kinasema inanyamazisha ujumbe unaokukumbusha kwamba rejista haiko benki ya sifuri, fungu la kwanza la nafasi za ndani ya chipu. Wengi huiweka kwa kuigana tu, lakini ukijua unachonyamazisha haina ubaya. Kwa asiyetaka kusakinisha MPLAB 8 kwenye mashine mpya, kuna asembla ya gpasm ndani ya kifurushi cha gputils, ni ya bure, inaelewa maagizo ya MPASM, na nayo msingi wake usipotajwa ni heksi. Nimejaribu zote mbili, HEX zikafanana. Na Microchip wametoa kitabu cha kuwasaidia wanaohama kutoka MPASM kwenda asembla mpya. Nilikiona baada ya kumaliza kazi, bila shaka.

Usiku nikampigia Maalim Wete.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Huko hamjambo?"

Nikamweleza yote, polepole, maana laini ilikuwa inakatikakatika. Nilipofika kwenye 32 akanyamaza, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe! Mimi miaka yote najua kristali ile ya saa ya chipu inachelewa. Nikasema si kitu, maadamu tangi linajaa."

"Na ile D kwenye sekunde?"

"Ile sehemu ya sekunde nilinakili kwa mtu. Nilikuta D, nikaiacha na D yake."

Faili sasa lina `DAKIKA EQU D'32'`. Maelezo yake ya pembeni sikuyafuta. Chini yake nimeongeza mstari wangu unaosema yalikuwa 20 ya heksi. CD nimenakili kwenye flashi mbili, pamoja na DS33014 na folda zima la INC, moja iko karakana na moja kwa mke wangu ndani ya kabati.

Nilipokwenda kuweka chipu, muadhini alisimama pembeni na kikombe chake mkononi, akingoja. Pampu ilipozima akatazama ndani ya kikombe, kimebaki tone.

"Hiyo ndiyo," akasema. "Ila Ramadhani inakuja, watu wanaongezeka. Huwezi kuniongezea tano?"

Nikarudi karakana, nikaandika `D'37'`, nikapitisha, nikafungua faili la LST, linaloonyesha kila amri na namba yake, kabla ya kuchoma. Kwenye safu ya kushoto pakaandikwa `3025`.