Kabla ya jiko, nionyeshe paa

Mtu akiniambia anataka kununua karavani ya kuvutwa na gari, hunitumia picha za jiko: sinki linalong'aa, taa chini ya makabati, kochi linalogeuka kitanda. Mimi ni seremala, kwa hiyo namwomba picha za paa.

Kinachoua karavani ni maji. Barabarani sanduku zima hutikisika, viungo vinacheza, gundi ya kuziba inapasuka kidogo kidogo. Tundu moja la skrubu linatosha. Unyevu ukishaingia ukutani hauna pa kutokea, na mbao zinaoza ndani huku nje kukipendeza.

Panda ngazi. Kagua ukingo wote wa paa, na kila mahali palipotobolewa kwa ajili ya feni, bomba au antena. Ukikuta silikoni mpya imepakwa ovyo juu ya paa la mpira, shtuka: silikoni haishiki vizuri kwenye mpira huo, na gundi nyingine haishiki juu ya silikoni. Ndiyo sababu nazipenda mno karavani za faibaglasi zilizotengenezwa kwa maganda mawili yaliyounganishwa kiunoni, kama Boler iliyoanza Winnipeg, Kanada, mwaka 1968. Paa halina maungio, ingawa madirisha bado ni ya kukaguliwa.

Kuta nyingi ni faibaglasi nyembamba iliyogandishwa kwenye plaiwudi, na povu katikati. Maji yakipenya, tabaka zinaachana na ukuta unatoa malengelenge. Simama kwenye pembe ya karavani jua likiwa chini, uchungulie ubavu wote kwa jicho moja. Ukiona uvimbe, ondoka. Muuzaji atakwambia ni suala la sura tu. Si kweli, kwa sababu nguvu ya ukuta huo ni kule kushikana kwa tabaka zake.

Ndani, kanyaga kwa kisigino mlangoni, kando ya choo na kwenye pembe zote. Sakafu isibonyee. Kipima unyevu kidogo kitakuambia yale ambayo harufu ya marashi inaficha. Chomoa droo pia: zilizobanwa kwa pini peke yake zitaachia, na fundi aliyelipua kazi ya droo sidhani kama alijali nyaya zilizo nyuma yake.

Kisha lala chini na tochi, utafute nyufa kwenye welding, hasa springi zinaposhikana na chesisi.

Soma kibandiko cha uzito. Toa uzito mtupu kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Kinachobaki ndicho mzigo wako, na maji yamo humo: tangi la lita 150 ni kilo 150. Angalia pia umri wa tairi: msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni huishia na tarakimu nne, kwa mfano 2319, yaani tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwisho, mwambie muuzaji ajaze tangi, awashe pampu, afunge mabomba yote. Tulieni. Pampu ikinguruma yenyewe, kuna mahali panavuja.