Nilivyompeleka Bibi Ngomeni

Bibi yangu amezaliwa Kibokoni, Mombasa. Kutoka mlangoni kwao hadi ngome ya Fort Jesus ni mwendo wa dakika chache tu, lakini kwa miaka 78 hakuwahi kutia mguu ndani. Nikimwuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Jela naendea nini?"

Nilidhani ni mzaha, hadi siku nilipopiga hesabu. Waingereza waliifanya ngome ile gereza tangu 1895 hadi 1958. Gereza lilipofungwa, Bibi alikuwa msichana wa miaka 11. Kila walipopita chini ya ule ukuta, mamake alikuwa akimvuta mkono wapite upesi. Tena Bibi alikuwa na mjomba wake aliyekaa mle ndani miezi kadhaa, kwa kosa ambalo hadi leo halitajwi kwetu.

Kumbembeleza hakukusaidia. Kilichomtoa nyumbani ni boriti. Bibi alisomesha chuo cha Kurani maisha yake yote, nami nikamwambia kuwa ndani kuna boriti za enzi za Mazrui, ukoo uliowahi kutawala Mombasa, zilizochongwa maandishi ya Kiarabu, sikuweza kuyasoma. "Hukuweza au hukutaka?" akauliza. Kesho yake alikuwa amejifunga buibui tayari.

Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo tulichukua tuktuk mpaka karibu na lango, asubuhi jua halijawa kali. Nilibeba maji, kitambulisho chake, maana Wakenya hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na kigoda cha jikoni. Kigoda ndicho kilichotuokoa. Njia ya langoni inapanda, na kila hatua ishirini niliweka kigoda, akaketi, akapumua, akatoa kasoro ya kitu fulani.

Mtembezaji alianza na yale ya kawaida: ngome ilichorwa na Mwitaliano Cairati, Wareno wakaijenga kati ya 1593 na 1596, na ukiitazama kutoka juu ni kama mtu aliyelala chali. Bibi alikuwa akipapasa ukuta. Jiwe lile ni la matumbawe, na pale alipoweka kidole palikuwa na mistari iliyojikunja kama matumbo ya samaki. "Hili ni jiwe la kwetu," akasema. "Na nyumba yetu imejengwa kwa hili hili."

Alisikiliza kwa makini pale tu palipotajwa Waomani kuizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. "Karibu miaka mitatu! Na maji je?" Mtembezaji akamwonyesha kisima. Alipoambiwa kuwa wengi waliokuwa ndani waliuawa na maradhi kuliko risasi, alitikisa kichwa, akaomba kigoda.

Vyombo vilivyopatikana kwenye meli ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama hapo mbele mwaka 1697, alivipita mbio. Mimi ningekaa hapo saa nzima. Lakini kwenye boriti alisimama, magoti yakasahauliwa, shingo juu, midomo ikicheza. Alisoma polepole, akarudia. Kijana mmoja mgeni aliyekuwa karibu akazima simu yake ili asimkatize.

Kabla ya kutoka aliuliza vyumba vya wafungwa vilikuwa wapi. Mtembezaji akaeleza kwa adabu, "Mama, mambo mengi ya gereza yaliondolewa ngome ilipokarabatiwa." Bibi hakusema kitu. Akaniashiria niweke kigoda juu ya ngome, akaketi akitazama bahari mpaka dau moja likapita mlango wa bandari na kupotea. Sikumwuliza anamfikiria nani.

Nje nikamnunulia dafu. Jioni nikamsikia akizungumza kwa simu na mdogo wake aliyeko Malindi, sauti ya juu kama kawaida yake: "Leo nimetoka jela, mwenzangu. Na hata hawakunipa uji!"