Siku 28 za kutafuta nyumba Uingereza

Nilipokubaliwa kuwa mkimbizi mwaka 2019, watu walinipongeza. Kumbe wakati huo kadi ya ukaazi ikishafika ulihesabiwa siku 28, kisha uliiacha nyumba ya waomba hifadhi na posho ilikatwa. Msaada wa kawaida wa serikali nao, malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Hesabu mwenyewe.

Ndugu mmoja wa kanisani, Mkongo mwenzangu, akaniambia: "Mama, toka huku kaskazini, nenda London, nyumba ziko kule." Nilimwamini. Basi la usiku, mimi na watoto wawili, kama pauni hamsini hivi. Asubuhi tukapanga foleni kwenye kaunsili moja, yaani serikali ya mtaa inayogawa nyumba, saa tatu mpaka saa saba, mdogo amelala juu ya begi. Dada wa dirishani akauliza swali moja tu: ulipangiwa mji gani ulipokuwa unaomba hifadhi? Nikamtajia. "Basi rudi huko." Ni kweli, kisheria mji uliopangiwa ndio unaohesabiwa kuwa kwako. Lakini baadaye nikaambiwa walipaswa kwanza kupokea ombi langu. Nikambeba mtoto mgongoni, tukarudi. Siku sita zimekwenda, na hasira yake bado ninayo.

Huku kaskazini nako mhudumu wa kaunsili akasema nije siku nitakayotolewa. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Mwanasheria wa kujitolea alinieleza kwamba tangu Aprili 2018, ukibakiza siku 56 au pungufu kukosa makazi, kaunsili inawajibika kukusaidia tayari. Akanifundisha sentensi moja ya Kiingereza, nikaikariri ndani ya basi: "Naomba uamuzi huo kwa maandishi." Nikaitamka taratibu, barua ya kutolewa nimeiweka mezani. Mhudumu akanyamaza, akaingia ndani, akarudi na fomu.

Vijana wasio na familia ndio wanaoniumiza moyo. Kipaumbele ni kwa wenye watoto, wajawazito na wagonjwa. Vijana hao wanalala kwenye makochi ya watu.

Tulikaa nyumba ya muda miezi kumi na moja. Kila wiki nyumba za kaunsili zinatangazwa mtandaoni, unaomba unazotaka. Wenzangu waling'ang'ania zenye bustani. Mimi niliomba ghorofa ya tatu isiyo na lifti, wiki baada ya wiki, mpaka nikaitwa.

Tulikuta sakafu tupu, bila zulia wala jiko. Binti yangu mkubwa alichukua ufunguo, akafunga mlango kwa ndani, akafungua, akafunga tena.